Mkate wa Katibu Mkuu

Unionville, Machi 20, 2026

Mwajabu shoga yangu,

Idi njema kwako na kwa wote hapo Singida. Hapa nyumbani Idi imekutana na Navroz yetu ya kesho, sikukuu ya mwaka mpya, kwa hiyo nyumba nzima inanuka samli, na mume wangu Kurbanali kila nikimtuma dukani anarudi na kitu nisichomtuma.

Umeuliza kama wizarani kuna jipya. Lipo, nalo lina ndevu, ingawa limekuwa likitutembelea miaka mingi. Anaitwa Rabi Pinsker, kiongozi wa dini wa Kiyahudi, mwembamba, koti jeusi linalofika magotini hata Julai, viatu vimeliwa kisigino. Kazi aliyojipa ni kuwatembelea Wayahudi walio serikalini: mawaziri, wabunge wa Ontario, mahakimu, wanasheria wa wizara. Kwetu wizarani, mtaa wa Bay hapa Toronto, anakuja kila Ijumaa na boksi la kadibodi. Sasa mtu mwenye cheo akiona mgeni na boksi anajua ataombwa kitu, kama si kibali ni kazi ya mpwa. Huyu haombi. Anauliza watoto hawajambo, anauliza mara ya mwisho ulisali lini, na ukimjibu kwamba ni siku ya harusi yako anacheka na kufungua boksi lake.

Ijumaa iliyopita nilipita na mafaili, mlango wa waziri uko wazi. Rabi alikuwa anamfunga waziri ukanda mweusi wa ngozi, kutoka juu ya kiwiko hadi vidoleni, kikasha kidogo kimekaa mkononi na kingine kwenye paji la uso, ndani yake maandiko. Nikamsikia akimwambia, "Mkono huu umesaini mangapi wiki hii? Sasa upumzike." Na waziri, yule ambaye akifoka tunamsikia hadi kwenye lifti, alifumba macho akasema maneno ambayo nadhani alifundishwa utotoni, maana alikuwa anayakosea, na rabi anamngoja polepole. Mwajabu, nimekuwa serikalini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi bila kusaidiwa na rangi. Sijapata kuona mkubwa akiwa mdogo namna ile na asione haya. Nilisahau nilikokuwa nakwenda na yale mafaili.

Sasa sikia yaliyonipata. Pasaka yao inakuja, na kwa siku nane Myahudi haruhusiwi kuwa na mkate wala chochote cha nafaka kilichoumuka. Si kutokula tu, hata kukimiliki hapana. Kwa hiyo wanauza vyote kwa mtu asiye Myahudi, rabi akiwa katikati, na sikukuu ikiisha rabi anavinunua tena. Mnunuzi wa jengo letu alikuwa Cliff wa ghala la vifaa, naye amestaafu. Rabi amenifuata mimi, kwa sababu mratibu wa ofisi ya Katibu Mkuu ana kadi ya kufungua ghorofa zote, na kwa sababu, kwa maneno yake, nikisema ndiyo inakuwa ndiyo.

Nimesema ndiyo. Sasa naogopa.

Wako,
Zebunissa


Singida, Machi 22, 2026

Zebunissa,

Tangu tukikaa dawati moja wewe unasema ndiyo kwanza, unauliza baadaye. Na mimi ndiye niliyekuwa nakungoja nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Nimeisoma barua yako kwenye simu nikacheka hadi uji ukaungua. Wahenga walisema cha mtu mavi, wewe huko unaambiwa cha mtu ni chako kwa siku nane. Usisahau mimi ni mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo. Nimesikiliza mauzo ya ng'ombe ambayo hayakuwa mauzo, na mashamba yaliyouzwa kwa shemeji ili anayedai asiyaone. Hayo ya rabi wako yana harufu ile ile. Mtu anauza leo akijua keshokutwa atarudishiwa, hiyo ni michezo ya watoto ya kupika mchanga. Nani anamdanganya Mungu hivyo akafanikiwa?

Halafu kuna jambo hukulifikiria. Hao wakubwa hawana wiski makabatini mwao? Na wiski si shayiri? Mzee wako, Mungu amrehemu, alikataa kuweka hata bia moja dukani, na Idi ndiyo kwanza imepita, leo binti yake anamiliki pombe ya serikali nzima. Haya, ukiamua kula nguruwe chagua aliyenona.

Alizeti yangu bado haijakauka, mvua haitaki kuondoka. Niandikie upesi, maana sasa nataka kujua.

Mwajabu


Toronto, Aprili 1, 2026

Mwajabu,

Kwenye wiski umenipata. Nilimwendea rabi na aibu yangu yote. Nilidhani ataniambia nifumbe jicho, ni siku nane tu. Akashika ndevu zake, akasema, "Huwezi kuuziwa usichoweza kumiliki. Mauzo ya kufumba jicho si mauzo." Pombe zote ameziuza kwa Landry, mlinzi wa mlango wa chini, Mkongo wa Bukavu, mwimbaji kwaya kanisani kwao. Landry akaniambia, "Mama Zebu, natumika hapa siku mingi, kazi muzuri kama hii bado hawajanipatiaka."

Leo asubuhi tukakaa chumba cha vikao. Rabi aliniambia mbele ya maofisa wote waliokuja, "Kuanzia saa hii ni vyako. Ukitaka kula, kula. Ukitaka kumpa mtu, mpe. Hawa hawana neno tena. Na sikukuu ikiisha, ukikataa kuniuzia, sina pa kukushtaki." Nikatoa malipo ya kwanza, nikapewa funguo za makabati. Kisha akatandaza leso yake mezani, nikaiinua. Kuinua leso ndiko kukubali kwao. Ni kitambaa cha mfukoni tu, kimepauka kwa kufuliwa, lakini nilipokiinua nikahisi uzito ambao sikuutarajia.

Tulikuwa tunamaliza wakati bosi wangu, Katibu Mkuu, Bwana Lerner, alipoingia. Huyu ndiye mwendeshaji wa wizara yote, waziri anakuja na kuondoka, yeye yupo. Miaka yote rabi akigonga mlango wake jibu lilikuwa moja, nina kikao. Mimi nilidhani rabi anabahatisha tu, sikujua kwamba ni Myahudi hadi mama yake alipofariki Novemba, akakaa nyumbani wiki nzima kwenye kigoda, kama desturi yao ya msiba inavyotaka.

Akasimama mlangoni, akasema, "Nina mkate mmoja."

Mama yake alikuwa akimpikia mkate kila Ijumaa, naye akiupitia asubuhi akija kazini. Ile Ijumaa ya mwisho aliuweka kwenye friza ya jiko dogo lililo nyuma ya ofisi yake, akasahau kwenda nao. Jumamosi usiku mama akafariki. Mkate uko pale pale, haujafunguliwa. Nimeuona mara nyingi nikitafuta barafu. Ni ule mkate wao wa kusuka, na foili imeshika misuko yake hadi unafanana na nywele za twende kilioni.

Rabi hakumbembeleza. Alimweleza kwamba akiukalia bila kuuza hataruhusiwa kuula tena milele. Anaweza kuuchoma, au anaweza kuuza kweli kweli, mwenye kununua awe na haki ya kuumaliza leo hii kwa chai.

Bwana Lerner akanigeukia. "Zebunissa, utaula?"

Nikamjibu, "Sijui."

Ndilo lililokuwa jibu la haki. Ningesema hapana, ingekuwa ameniwekea amana, hajaniuzia. Alinitazama, mtu anayepitisha bajeti ya mabilioni bila kupepesa. Kisha akasema, "Nauza." Nikaiinua leso mara ya pili. Wewe umeona watu wengi wakiapa mahakamani, lakini nakuambia, mchanga haukupikwa pale.

Zebunissa


Singida, Aprili 2, 2026

Zebunissa,

Kwenye lile "sijui" nimesimama. Nimelisoma mara ya pili, nikamsomea na jirani.

Nakubali kwamba muuzaji ameuza. Lakini mahakamani tunajua jambo moja: mauzo hupimwa siku mnunuzi anapofanya asichokitaka muuzaji. Kabla ya hapo kila mtu ni muungwana. Bado hamjapimwa, wewe na bosi wako.

Mwajabu


Unionville, Aprili 3, 2026

Mwajabu, una mdomo wa kuita mambo.

Jana asubuhi, tangazo kila mlango: umeme wa jengo utakatwa wikiendi hii yote ya Pasaka ya Kikristo, mafundi wanabadilisha mitambo. Kila mtu aondoe vyakula kwenye majokofu. Nikajua moja kwa moja friza ipi itayeyuka. Nikataka kumpigia rabi nimuulize nifanye nini, nikakumbuka kwamba siku hizi mbili za mwanzo wa sikukuu hagusi simu, na baada yake inaingia Sabato. Hakuna wa kuuliza.

Nikaenda nyuma ya ofisi. Bwana Lerner alikuwa amesimama mbele ya ile friza, mikono ameifunga mgongoni, kama mtu aliye makumbusho anayeogopa kugusa kitu. Kwenye mlango wa friza kuna utepe wangu mwekundu wa kuonyesha kwamba vilivyomo ni vyangu. Tangazo liko pembeni, amelisoma. Ana funguo za jengo zima huyu bwana. Akiinua simu, mafundi wa Ontario wanaahirisha kazi.

Nikasema, "Nimeona tangazo."

Akanijibu bila kugeuka, "Hilo linamhusu mwenye mali." Kisha akaondoka kwenda kwenye kikao chake.

Nikabaki pale peke yangu na machozi, sijui ya nini. Mama yake mwenyewe yuko ndani ya friza ile, kwa namna ya kusema, na yeye amepita akaenda kwa sababu siku ile alisema nauza. Nimeishi na watu wa dini maisha yangu yote. Kuna wanaoshika dini pale inapowashika mkono. Huyu dini imemshika koo, na hakulalamika. Niliogopa, Mwajabu, ule woga wa mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Basi nikaamua kama mwenye mali. Niliufunga kwa taulo na barafu, nikapanda nao treni hadi nyumbani Unionville, umekaa mapajani kama mtoto. Nimeuweka kwenye friza yetu juu ya mihogo. Kurbanali akauliza, "Huo mkate wa nani?" Nikataka kusema wa bosi. Nikajizuia. Nikisema wa bosi nimeyavunja mauzo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Wangu. Nimeununua."

Akafunga friza.

Zebunissa


Unionville, Aprili 5, 2026

Mwajabu,

Wameula.

Jana nilikuwa jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, zamu yangu ya kujitolea jikoni. Ghulamabbas wa nyumba ya pili alikuja kuzungumza, na Kurbanali akatafuta cha kumpa na chai. Mkate wa mke wake, uliolipiwa, uko kwenye friza. Akauweka kwenye oveni, wakakaa wazee wawili wakichovya na kusimulia habari za Mwanza. Nilipoingia umebaki chini ya nusu, juu ya meza, na Kurbanali ananiambia, "Zebu, huu mkate umeutoa wapi, ununue mwingine."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Nilimwambia ni wangu. Nilipomweleza yote alikaa chini, akasukuma kikombe mbali, hajala kitu tangu jana. Kilichobaki nimekifunga upesi upesi bila kukitazama, sikuweza.

Nimefikiria kununua mwingine kama ule. Wiki hii maduka yote ya Wayahudi mkate hakuna. Nimefikiria kusuka wa kwangu, niufunge kwa foili ile ile. Niambie, nina kosa gani na mbona silali?

Zebunissa


Singida, Aprili 6, 2026

Zebunissa,

Acha unga wako kwenye mfuko.

Kosa huna. Hujaiba, hujavunja amana, maana hukuwekewa amana. Mahakama yoyote ingekuacha uende. Usingizi hauji kwa sababu umeingia pale nilipokuambia, kwenye kipimo, nawe unatamani kukimbia kwa kumdanganya mtu aliyekuamini hadi akanyamaza. Ukimpelekea mkate wa uongo, yeye peke yake ndiye atakuwa amefanya mauzo ya kweli. Wewe na mimi tutabaki tunapika mchanga.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mpelekee kilichobaki, na umwambie kabla hajafungua. Asikikute mwenyewe.

Na mzee Kurbanali mpe chakula. Yeye alimkirimu mgeni, hilo si la kujinyima chakula.

Nilicheka kwenye barua ya kwanza, sasa sicheki. Nakuombea.

Mwajabu


Toronto, Aprili 10, 2026

Mwajabu shoga yangu,

Nakuandikia ofisini, mlango nimeufunga.

Sikukuu yao ilikwisha jana nyota zilipotoka, na rabi akanipigia kununua tena vitu. Nikamwambia namrudishia vyote isipokuwa mkate zaidi ya nusu, nikamweleza. Kisha akasema, "Mama Zebunissa, miaka yote nawaambia wakubwa hawa kwamba mauzo haya ni ya kweli, na nusu yao wanadhani naigiza." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyeonyeshwa kitu. Nikamuuliza nani atamwambia Bwana Lerner. Akasema ni mimi, muuzaji na mnunuzi.

Leo niliingia kwake kabla ya mtu yeyote. Nikaweka kifurushi mezani, nikasema yote bila kuremba, na kwamba Kurbanali hakujua kwa sababu mimi sikumwambia, na kwa nini sikumwambia. Alisikiliza akiangalia kile kifurushi. Nilingoja anifokee, kusema kweli ningefurahi angenifokea. Akasema, "Ulikuwa wako." Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ulikuwa na ladha gani?"

Mimi sikuonja hata chembe. Nikamwambia wanaojua ni wazee wawili wa Unionville. Akanisogezea simu yake ya mezani.

Nilimpigia Kurbanali, sauti nikaiacha wazi. Maskini alidhani anahukumiwa. Akaanza kuomba radhi, kwa Kiingereza chake cha dukani, Bwana Lerner akamkatiza kwa upole, akamwambia anataka tu kusikia. Basi Kurbanali akakohoa, akaeleza. Mkate laini, una mayai, juu unang'aa, una utamu kidogo si wa kukera, ukichovya kwenye chai hauvunjiki. "Na zabibu," akasema. "Zabibu nyingi. Ghulamabbas ana sukari, alikuwa anazitoa na kuniwekea mimi."

Bwana Lerner akasema, "Zabibu?"

"Zabibu, ndiyo bwana. Kila kipande."

Alikaa chini polepole. Nikamshukuru Kurbanali, nikakata simu. Mkubwa yule alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza. Akaniambia kwamba mkate wa Ijumaa hautiwi zabibu. Mama yake alikuwa akizitia mara moja tu kwa mwaka, wiki ya kuzaliwa kwa mwanawe huyu, tangu akiwa mtoto wa miaka mitatu. Mwaka jana siku hiyo iliangukia Jumanne, baada ya maziko. Na mama, miezi ile ya mwisho, alikuwa amesahau kila kitu, jina la mtaa, jina la marehemu mumewe, mikono tu ndiyo ilikuwa bado inajua kupika. Ile Ijumaa alimpa mkate mlangoni akamwita kwa jina la kaka yake. Yeye aliupokea, akaendesha gari hadi kazini amekasirika, ndiyo maana akaurusha kwenye friza na kuusahau.

"Nilidhani nami alishanisahau," akasema. "Kumbe alikumbuka."

Akafungua foili. Zilikuwepo, nyeusi, zimejaa pale ulipokatwa. Akavaa kofia yao ndogo aliyoitoa kwenye droo, sijui imekaa humo tangu lini, akasoma baraka yake taratibu asije akaikosea. Akavunja kipande akala. Akavunja kingine akanipa mimi. Saa tatu ikafika, na nje watu wa kikao walikuwa wanaanza kujipanga, nikawasikia wakiulizana kama Katibu Mkuu yupo. Hakuna aliyeinuka. Mimi nilitafuna huku nalia, na sikuona haya hata kidogo.

Rabi naye akafika na boksi lake, maana leo ni Ijumaa. Alitukuta hivyo. Mtu yule ambaye hajawahi kuingia chumba bila kuuliza watoto hawajambo, alisimama kizingitini midomo wazi kidogo. Kisha akaweka boksi chini, akavuta kiti, na Bwana Lerner akamkatia kipande.

Wako,
Zebunissa